Nani Alisema Hapana

Khatibu alifika msibani Busunzu akiwa bado na koti lake la kazi, na hilo peke yake lilitosha kumharibia. Angevaa shati la kawaida, huenda akina mama waliokaa mikekani wangempokea kama mgeni yeyote. Lakini koti la buluu lenye mabawa kifuani lilisema kabla yeye hajafungua mdomo: huyu ndiye rubani, huyu ndiye ambaye hakuja.

"Ndiye yeye?" aliuliza mama mmoja, wala hakujisumbua kupunguza sauti.

"Ndiye. Kaja leo, tumeshazika."

Nadine aliyasikia hayo akiwa kwenye kibanda cha jiko, amepakata kitoto kichanga cha marehemu wifi yake. Asubuhi alikuwa amemtumia ujumbe: usije, nakuomba, ngoja hasira zipoe. Na yeye amekuja. Ndivyo alivyo Khatibu! Mwambie usipite pale pana tope, atakwenda kulitazama tope lenyewe. Ukaidi huo ndio uliomfanya Nadine ampende, na siku ile ndio uliomfanya atamani ardhi ipasuke.

Macho yao yalikutana juu ya vichwa vya watu. Khatibu hakutabasamu. Alimtazama tu, kwa yale macho yake ya upole yenye uchovu wa jua, kisha akavua kofia na kwenda kupiga magoti mbele ya Esteri, mama yake Nadine.

"Shikamoo, mama. Poleni sana kwa msiba."

Esteri hakuitikia. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye khanga mbili nyeusi mabegani. Alishawahi kulala Mtabila enzi za kambi ya wakimbizi, akaona majirani zake wakipakiwa kwenye malori siku kambi ilipofungwa, na tangu hapo hakupenda chochote kinachobeba watu na kuwapeleka mbali. Binti yake alipomwambia kuwa amempata mchumba, rubani, tena Mwislamu wa Ujiji, alikaa kimya wiki nzima. Baadaye akasema sawa, alete wazee wake. Alisema kwa shingo upande, lakini alisema.

"Kijana," alianza Esteri, "ndege zenu zinaogopa mawingu?"

"Siku ile hatukuja, mama. Poleni."

"Hamkuja nani na nani?"

"Sisi."

"Sisi ni watu wangapi humo ndani ya ndege? Si unaendesha mwenyewe?"

Khatibu aliinamisha kichwa. "Ni sisi, mama."

Nadine aliuma mdomo wake wa chini. Neno hilo moja, *sisi*, lilimchoma, maana alijua limebeba nini.

Msomaji wangu, ngoja nikueleze kazi ya hawa watu wawili, la sivyo utamwona Khatibu mjinga. Nadine alikuwa mratibu wa safari za ndege katika kampuni ndogo yenye ofisi yake pembeni ya kiwanja cha Kasulu. Mama yake aliwaambia majirani kwamba binti anakata tiketi. Tiketi wapi! Nadine ndiye aliyepima mafuta, uzito, upepo na mawingu kabla kindege hakijanyanyua tairi. Akishapima, anakaa na rubani, wanaangaliana, na kila mmoja anasema kwa mdomo wake: twende, au tusiende. Wote wawili wakisema twende, wanamwita Nestori, mwongoza ndege aliyeko mnarani Kigoma, naye anawapa njia na kuwaambia nani mwingine yuko hewani. Mmoja wao akisema hapana, mambo yameishia hapo. Hakuna kubembelezana, hakuna kupiga kura. Na kwa watu wa nje hawasemi kamwe nani alikataa. Wanasema hatukwenda, basi, ili anayekataa asije siku moja akaogopa kukataa.

Desturi nzuri sana, mpaka itue nyumbani kwako.

Siku ile simu ilipigwa asubuhi: mama mjamzito Kibondo, hali mbaya, apelekwe Mwanza. Jina hawakutajiwa. Nalo ni utaratibu wao, mratibu na rubani hawaambiwi mgonjwa ni nani, mkubwa wala mdogo, ndugu wala mgeni, huruma isije ikawasukuma kwenye hali mbaya ya hewa. Melkiadi, mlinzi wa kiwanja cha Kibondo, alisema kwenye simu kwamba anauona mlima ulioko mwisho wa kiwanja, wote, mpaka kileleni, yaani wingu liko juu. Nestori alisema njia iko wazi. Khatibu alisema, "Mimi naenda." Nadine akasema hapana.

Mgonjwa akapakiwa kwenye gari. Barabara ya Nyakanazi na mvua mnaijua. Alijifungulia kituo cha njiani, mtoto akalia, mama akaishiwa damu kabla ya jioni. Ndipo Nadine alipopigiwa simu na kaka yake, Ndihokubwayo, akasikia jina la mgonjwa kwa mara ya kwanza. Alikuwa Prudence. Mke wa kaka yake.

"Lete mtoto," alisema shangazi mmoja, akamchukua kichanga. "Nenda kamwondoe mgeni wako, mwanangu. Hapa atapigwa."

Nadine alimwita Khatibu kwa jicho, wakaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, mahali walipoanika muhogo juu ya turubai. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, na kibaridi cha Busunzu kilikuwa kinapenya kwenye nguo. Walisimama wakiwa na hatua chache kati yao. Zamani, yaani wiki moja nyuma, wasingeziacha hatua hizo.

"Nilikuambia usije."

"Niliusoma ujumbe."

"Sasa?"

"Sasa nimekuja. Prudence angekuwa shemeji yangu, Nadine. Ningekaa Kasulu nanywa chai?"

"Wanakuita muoga. Wanakuita muuaji!"

"Wacha waniite."

"Mimi siwezi kuwasikiliza."

Khatibu alimsogelea. Alinyoosha mkono kama anataka kumfuta tone la maji lililomdondokea shavuni kutoka kwenye jani la mgomba, halafu akaurudisha mkono mfukoni. Nadine aliona. Mkono ule ndio alioutamani kuliko kitu chochote siku ile, na ulirudi mfukoni.

"Nina swali," alisema Khatibu. "Nakuuliza kama tuko ofisini."

"Uliza."

"Siku ile uliona nini ambacho mimi sikukiona?"

Nadine alitazama muhogo. "Mvua ilikuwa upande wa Nyakanazi."

"Ilikuwa mbali. Ningeshuka, ningempakia, ningeondoka haijafika. Melkiadi aliuona mlima wote. Nestori alitupa njia. Wewe ukasema hapana, mimi nikashuka kwenye ndege bila kukuuliza hata neno, kwa sababu hapana yako kwangu ni hapana. Miaka yote hii sijawahi kukuuliza. Ulishanikatalia siku ya vumbi la Nyarugusu, nikanuna, na jioni nikaja kukushukuru. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Basi nisaidie na leo nikushukuru. Niambie ulichokiona."

Jamani, angeweza kudanganya! Neno moja la kitaalamu lingetosha, upepo wa kukata, unyevu, chochote, na Khatibu angelipokea kwa mikono miwili kwa sababu alikuwa analitafuta. Nadine aliliweka hilo neno mdomoni, likakataa kutoka.

"Nilikuona wewe," alisema.

"Mimi?"

"Jana yake uliniambia wazee wako wamekubali, wanakuja kuleta posa. Unajua nilivyofurahi? Nilicheka peke yangu ofisini mpaka Tunu akaniuliza nimekula nini. Asubuhi nikaletewa ile hali ya hewa, nikaangalia wingu, na sikuliona wingu, Khatibu. Nilikuona wewe umo ndani yake. Umeanguka. Nimevaa nyeusi kabla hata sijavaa nyeupe. Nikasema hapana." Machozi yalishaanza kumshuka. "Angekuwa rubani mwingine, ningemwambia nenda."

Khatibu alikaa chini, palepale juu ya kinu kilichopinduliwa. Alikaa kama mzee.

"Ungemwambia nenda," alirudia.

"Ndiyo."

"Wamekazana kutuficha jina la mgonjwa," alisema polepole, "na hakuna aliyefikiria kukuficha jina la rubani."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nani asiyependa kuogopewa hivyo? Mama yangu mwenyewe haniogopei hivyo." Alicheka kidogo, kicheko kibaya kisicho na furaha. "Lakini nitarukaje sasa? Ukiniambia nenda, nitajiuliza, amepima au amejikaza? Ukiniambia usiende, nitajiuliza ni wingu au ni mimi? Nikiwa huko juu natakiwa nijue anayeongea ni nani."

"Tutawaambia wakubwa. Tunu awe anapima badala yangu kwa safari zako."

"Tutawaambia. Mimi na wewe, kesho. Hilo ni la kazini." Alisimama. "Lakini hapa kwenu nyamaza. Kwa nje ni sisi. Waniite wanavyotaka."

"Mama hatakubali unioe."

"Najua."

"Na bado unataka ninyamaze?"

"Yule ni kaka yako, Nadine. Mimi nikichukiwa hapa, nitarudi Ujiji, nina kwetu. Wewe ukichukiwa hapa utakwenda wapi?"

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomuua Nadine kabisa. Alitamani amfokee. Alitamani ampige kofi moja wamalizane. Badala yake Khatibu alivua lile koti la buluu, akalikunja mkononi ili lisiwaudhi watu, akatangulia kurudi uani kwenda kuaga.

Uani watu walikuwa wameanza kugawiwa maharage na ugali wa muhogo. Ndihokubwayo alikaa kwenye kigoda mlangoni kwake, sahani mapajani, hajagusa kitu. Alikuwa mkulima wa maneno machache, mpole, na tangu mazishi hakuwa amemlaumu mtu hata mmoja. Khatibu alimpa mkono, naye akaupokea.

"Pole, kaka."

"Asante kwa kuja."

"Asante ya nini?" Esteri alisimama kutoka mkekani. "Mwanangu, usimshukuru huyu. Na wewe kijana, sikiliza, nikuambie mbele za watu nisije nikaambiwa nilikusema kisogoni. Wazee wako wasijisumbue kutoka Ujiji. Dini yako nilishaimeza. Kazi yako ya hewani nilishaimeza. Lakini mtu aliyemwacha mkwe wangu akafia barabarani kwa sababu ya kawingu, huyo simmezi. Ohh, oya! Hapana! Binti yangu hutampata."

"Nimekuelewa, mama," alisema Khatibu.

"Umenielewa? Huna hata la kusema? Hata ulie basi! Uombe radhi!"

"Naomba radhi, mama."

Alisema hivyo. Aliomba radhi kwa kosa lisilo lake, mbele ya watu wote, koti likiwa limekunjwa mkononi, na akina mama wakasonya.

Nadine hakupanga kusema. Miguu ndiyo iliyompeleka mpaka katikati ya ua.

"Mama, usimseme yeye."

"Kaa kimya, mwanangu, mwana wanje."

"Yeye alitaka kuja. Alishapanda ndegeni. Injini ilikuwa inawaka."

"Nadine," alisema Khatibu. "Acha."

"Mimi ndiye niliyesema hapana. Kazi yangu si tiketi, mama. Ndege haiondoki mpaka mimi niseme ndiyo, na mimi nilisema hapana. Sikujua kama mgonjwa ni Prudence, hatuambiwagi. Lakini wingu lilikuwa la kuruka. Melkiadi aliona mlima. Mnara wa Kigoma ulitoa njia. Niliogopa tu kumpoteza mchumba wangu. Ndiyo hivyo. Niliogopa."

Hakuna aliyesonya tena. Esteri alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mana yanje," alinong'ona. "Mana yanje wee, Mungu wangu."

Ndihokubwayo aliweka sahani yake chini taratibu. Hakumtazama dada yake. Alimtazama Khatibu, na alipoongea sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote, ya mtu anayeuliza bei ya mbegu.

"Kaka, ni kweli?"

"Tulikataa wote," alisema Khatibu. "Ndivyo tunavyosema."

"Sikuulizi mnavyosema. Nakuuliza wewe unayeendesha. Kama angekuruhusu siku ile, ungetua Kibondo?"

Nadine alimgeukia. Watu wote walimgeukia. Ilikuwa ni nafasi yake, na kila mwenye akili pale uani aliiona. Angesema sijui. Angesema labda, hali ya hewa haitabiriki, kaka, huenda tungekufa sote. Nani angempinga? Nani katika wote wale aliwahi kukaa kwenye kiti kile? Neno moja tu la huruma, na Nadine angebaki na kwao.

Khatibu alimtazama Nadine kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Alimtazama kama mtu anayetaka kuikariri sura.

"Ningetua," alisema.

Ndihokubwayo alitikisa kichwa kukubali, mara moja tu. Alisimama, akaingia ndani, akarudishia mlango. Wakamsikia analia. Tangu Prudence afe ndiyo mara ya kwanza kulia.

Shangazi aliyekuwa na kichanga alikivuta karibu na kifua na kumgeuzia Nadine mgongo. Esteri alimjia binti yake mpaka karibu kabisa, na Nadine akadhani atapigwa, akafumba macho. Hakupigwa.

"Nenda," alisema mama yake. "Kaka yako akitoka asikukute. Nenda Kasulu kwenye kazi yako."

"Mama..."

"Nimesema nenda. Mimi nitakulilia, lakini nenda."

Gari la kampuni lilikuwa barabarani, matairi yamejaa tope jekundu. Nadine alitembea hadi pale bila mkoba, bila koti, na Khatibu akamfuata kwa nyuma. Alimfungulia mlango wa mbele. Nadine hakupanda.

"Ungeweza kusema hujui," alisema.

"Ningeweza."

"Wangeniacha. Ningelala kwetu leo."

"Najua, Nadine."

"Ulikuwa tayari kubebeshwa uuaji mbele ya watu! Ulikuwa tayari kwa lile, ukashindwa neno dogo kama hilo?"

"Kunyamaza naweza mpaka nife," alisema Khatibu. "Lakini ameniuliza kama ningetua. Watu hupanda nyuma yangu kwa sababu ya jibu hilo. Sina jibu lingine la kumpa mtu, hata wewe."

Nadine alimwelewa. Hilo ndilo lililouma zaidi, kwamba alimwelewa, na kwamba kama angedanganya asingekuwa yule aliyempenda. Aliegemea mlango wa gari, akalia kwa sauti, na safari hii Khatibu hakuurudisha mkono mfukoni. Alimshika kichwa akakilaza begani kwake, na wakasimama hivyo kando ya barabara ya Busunzu, watu wakipita na baiskeli zao wakitazama pembeni kwa heshima ya msiba.

"Khatibu," alisema Nadine mwishowe, uso ukiwa bado begani. "Na posa?"

Khatibu aligeuza macho barabarani.

"Niambie. Wazee wako watakuja?"

"Watakuja kwa nani, Nadine?" aliuliza kwa upole. "Wakifika huku, watabisha hodi mlango gani?"

Nadine aligeuka kutazama nyumba ya kwao, akitafuta mlango wa kumtajia.